Tumemlilia Hurrem, Zarifa tumemnunia

Naona watu wanavyobishana juu ya tamthilia na vitabu vipya, ipi kali na ipi ya kupoteza wakati. Na mie ninalo langu. Nimelikalia muda mrefu, kwa sababu kila nikiligusa kwenye majlisi, mtu hukumbuka ghafla kuwa kahawa inapoa.

Sidhani kama ipo nyumba ya Waswahili hapa Ghuba, tokea Maskati mpaka Dubai, isiyomjua Hurrem. Sisi tulimpata kwa Kiarabu, tamthilia ikiitwa Harim as-Sultan. Jamaa zetu waliobaki kule nyumbani walimpata baadaye kwa Kiswahili, Azam TV ilipoitia sauti na kuiita Sultan. Waturuki wenyewe waliitengeneza kuanzia 2011 mpaka 2014, na hadi leo haijapumzika, ikimalizika huku inaanzishwa kule. Nina ndugu zangu, watu wazima wenye wajukuu, waliozima simu usiku ule mwana wa mfalme Mustafa alipouawa. Mustafa kauawa 1553. Wao walikuwa wakijifuta machozi kama jeneza liko ukumbini.

Sasa Hurrem ni nani? Ni mtumwa. Ni msichana aliyetekwa kwao, upande wa Ukraine ya leo, akasafirishwa, akauzwa, akaingizwa katika nyumba ya mfalme awe suria, na jina alilopewa na wazazi wake likaishia hapo. Ibrahim Pasha, waziri mkuu na rafiki wa Sultani, naye mtumwa, mtu wa Parga. Sumbul Agha mtumwa, tena aliyehasiwa. Ipekueni tamthilia ile, mtaona kuwa wengi tunaowapenda humo ni watu walionunuliwa. Na sote tulikuwa upande wao. Tulimwombea Hurrem apate uhuru wake, tukashangilia alipoolewa kwa ndoa, na kila aliyethubutu kumkumbusha alikotoka tulimtukana hapo hapo kwenye kochi.

Wekeni hilo pembeni, nimlete Zarifa.

Zarifa yumo katika Sayyidat al-Qamar, riwaya ya Jokha Alharthi. Jina lenyewe tu, Jokha. Nani katika sisi hana shangazi au bibi aitwaye Jokha? Mwandishi ni Momani, anasomesha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na udaktari wake kaupatia Edinburgh. Kitabu kilitoka kwa Kiarabu 2010. Marilyn Booth akakitafsiri kwa Kiingereza, na 2019 kikachukua tuzo ya Man Booker International, kitabu cha kwanza cha Kiarabu kuipata. Wiki ile tulipongezana mpaka basi. Picha zake zilizunguka kwenye simu zetu zote, mashallah, mwanetu, katutoa. Halafu watu wakaanza kukisoma.

Zarifa ni mtumwa katika nyumba ya tajiri Sulayman, kijiji cha al-Awafi. Ndiye aliyemlea Abdallah, mtoto wa bwana wake, baada ya mama wa mtoto kufariki. Mwanamke mkubwa, ulimi mkali, methali hazimwishi mdomoni. Ni mlezi, ni mpishi, ni suria wa mwenye nyumba, na ndiye mwenye kifua cha kulilia katika nyumba ile, maana baba alikuwa akimtia adabu yule mtoto kwa kumning'iniza kisimani kichwa chini. Zarifa ana mtoto wake mwenyewe, Sanjar. Huyu anajua kuwa sheria imeshamfanya mtu huru, na anafunga safari kwenda zake Kuwait. Mama hamwelewi kabisa. Na kuna pahala tajiri Sulayman yuko kitandani, maradhi yamemtoa akili, bado anaamrisha Sanjar afungwe kamba kwa kuiba gunia la vitunguu. Mwili umekufa nusu, amri bado iko hai. Mie nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchota maji ya kunywa. Katika umri wangu nimesoma riwaya nyingi, na chache zimenifanya hivyo.

Lakini si wote waliosimama pahala pale pale niliposimama mie. Nilisikia: katuvua nguo mbele ya watu. Nilisikia: angeandika habari za wale dada watatu na ndoa zao, hayo mengine akayaacha, kwani yanamsaidia nini? Mzee mmoja wa kuheshimika kaniambia kwa upole, mwalimu, kila nyumba ina choo, lakini mgeni humpeleki huko kwanza. Nikacheka, maana kasema vizuri. Lakini jioni ile ile nyumbani kwake ilikuwa inatazamwa Sultan.

Kwa hiyo suali langu ni hili, na naliuliza kwa nia njema. Mbona mtumwa wa Kituruki tunamlilia na mtumwa wa Kiomani tunamnunia?

Watu watasema Hurrem ni historia. Kweli, yuko mbali, na tena kavishwa hariri na vito, anayemwigiza ni mzuri, na nyumba yenyewe ni kasri. Zarifa yuko jikoni. Utumwa Oman umepigwa marufuku 1970, mwaka aliotawala Sultan Qaboos, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa mtoto tayari wakati huo. Kule Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873, na sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ikaja 1897, ila masuria hawakuwekwa ndani ya sheria ile. Wao walingojea mpaka 1909. Hesabuni vizazi. Ni bibi wa bibi, wala hatuhitaji kwenda maktaba.

Jawabu la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa kejeli. Watu wanasema: habari hizi zimetumika kutuchafua. Ni kweli, zimetumika. Nimesomesha miaka mingi katika sekondari ya misheni, bara, mimi na buibui langu kati ya masista. Walikuwa watu wema kwangu, Mungu awalipe. Lakini katika vitabu vya historia ilikuwapo ile picha, kila mwaka ile ile: Mwarabu na kilemba chake, fimbo mkononi, na mstari wa watu waliofungwa shingo. Na pembeni Mzungu kaja kuokoa. Kitabu hakisemi kuwa wakati huo huo mashamba ya nani kule Bourbon na Brazil yalikuwa yananunua. Tukifika ukurasa ule darasa zima hunyanyua macho kunitazama mie. Siyo kwa ubaya, ni watoto. Wananitazama tu waone uso wangu utafanya nini.

Na 1964 hadithi za namna ile hazikubakia vitabuni. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wana mtu wao aliyekufa mwezi ule wa Januari, au aliyepanda jahazi na nguo alizovaa. Ukishaona watu wanauliwa kwa sababu ya hadithi, unaiogopa hadithi. Simlaumu mtu kwa hilo.

Ila nataka tutenganishe vitu viwili. Kuna hadithi inayokutafutia adui, na kuna hadithi inayokuonyesha mtu. Nitatoa mfano wa Kiswahili.

Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, ikatoka 1978. Fuad ni Mwarabu mwenye shamba, na Kijakazi ni mtumishi wake mzee, anayemtumikia kwa moyo wake wote huku akidharauliwa. Nimekisoma zaidi ya mara moja. Kijakazi ni mtu wa kweli kabisa, bado namwona. Lakini Fuad, maoni yangu mwalimu, ameumbwa mbaya tokea alipozaliwa, kama wale maadui wa tamthilia ambao muziki hubadilika kila wakiingia mlangoni. Mtu wa namna hiyo hakusumbui. Unamchukia, unafunga kitabu, unalala. Msomaji wa Kiarabu anasema huyu siye babu yangu, na kwa kweli siye. Mwandishi mwenyewe alikuja kuandika kubwa zaidi, Vuta n'kuvute, 1999, ambamo Yasmin, msichana wa Kihindi, anamkimbia mume mzee na kukutana na Denge na siasa za kupigania uhuru. Kwenye riwaya ile hakuna kabila lililopewa ubaya likabebe peke yake. Amil Shivji kaitoa filamu 2021, imepigwa Unguja penyewe, na ikapelekwa mpaka tamasha la Toronto. Kama hamjaiona itafuteni, hata kwa ajili ya kuisikia Unguja inavyozungumza.

Sasa mlinganisheni Fuad na Aziz wa Abdulrazak Gurnah. Riwaya ni Paradise ya 1994, na tangu 2022 ipo kwa Kiswahili safi, Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. (Gurnah kapata Nobel 2021, mzaliwa wa Unguja, na sisi tulikuwa hatuna hata kitabu chake kimoja kwa lugha yake ya kuzaliwa.) Aziz ni tajiri wa misafara. Hapigi kelele. Anasali, ananukia vizuri, na kila akija nyumbani kwa kina Yusuf anampa mtoto sarafu ya anna kumi. Mtoto anamwita ami na anampenda. Kisha siku moja Yusuf anachukuliwa kwenda safari na huyo ami, na huko mbele, Khalil wa dukani anamwambia ukweli: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani.

Rehani. Neno tunalolitumia kwa dhahabu na hati za shamba.

Aziz ananisumbua kuliko Fuad mara mia, kwa sababu Aziz ananukia kama babu yangu. Nadhani ndivyo hadithi nzuri inavyofanya kazi. Haimgeuzi babu yako kuwa shetani, inakuachia heshima yake yote, kanzu yake, sauti yake ya chini, halafu inakuonyesha mtoto wa watu amekaa dukani kwake hajui kama kwao atarudi. Ukimaliza huwezi kusema ni uongo wa maadui. Unanyamaza tu.

Na hapa nifike nilipotaka kufika tokea mwanzo. Tunapomsoma Zarifa tunajiweka wapi? Sote tunajiweka kwa tajiri Sulayman. Tunaona aibu kama wenye nyumba. Hivi kweli? Tunasema sisi Waarabu wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, wa Tabora. Babu zetu walikuja na jahazi, wengi wao bila wake. Nani aliwazalia? Mohamed Suleiman Mohamed alishaligusa hili zamani, 1976, kwenye Nyota ya Rehema, msichana anayenyanyaswa ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe. Kuna familia zetu nyingi zenye shajara ya nasaba imeandikwa vizuri kwa wino, imewekwa fremu, baba mpaka babu mpaka Nizwa au Bahla au Hadhramaut. Uliza upande wa mama. Utaambiwa bibi yetu alikuwa mtu mwema sana, akipika vizuri, akiimba. Binti nani? Watu wanatazamana. Ipo na ile picha ya zamani, wazee wamekaa kwenye viti, na mwanamke mmoja kasimama pembeni hakutajwa nyuma ya karatasi.

Hiki Kiswahili tunachojivunia mbele ya Waomani wengine, kile kinachotufanya tujuane sokoni Mutrah kwa neno moja tu, mnadhani alitufundisha nani? Babu kaja anasema Kiarabu. Kiswahili kilikuwa cha huyo aliyesimama pembeni ya picha. Kwa hiyo mie nikimsoma Zarifa na methali zake sioni kama nimevuliwa nguo. Naona mtu kaniandikia bibi yangu, na najua ni nadra.

Mambo haya hayajaisha, msidhani nazungumzia makaburi. Riwaya mpya ya Gurnah, Theft, iliyotoka 2025, ina kijana aitwaye Badar, mtumishi katika nyumba ya watu Dar es Salaam, zama hizi za kwetu. Hakuna mnyororo wala sultani. Kuna kijana wa kazi anayelala chumba kidogo na siku moja anasingiziwa wizi. Basi. Lakini ukiisoma unajua uzito wa neno lile moja, likisemwa na mwenye nyumba kwa mtu asiyekuwa na pa kwenda. Badar ni mpole mno kwa tabia yangu, nilitamani apige meza japo mara moja. Hata hivyo ndiye anayenibakia kichwani kuliko Karim msomi na Fauzia wake.

Na katika majumba yetu ya hapa? Ramadhani iliyopita nilialikwa futari kwa jamaa. Baada ya tarawehe tukakaa kwa tamthilia. Watoto wa nyumba kila mmoja na simu yake. Mtumishi wao, binti wa kwetu mwambao, kaleta chai akasimama mlangoni na sinia mkononi anatazama. Ilikuwa ni Sultan tena, mtu kaitafuta ile ya Kiswahili kwa ajili yangu mgeni. Nikaona kuwa ukumbini mule aliyekuwa akiifuata kila neno ni sisi wazee wawili na yule binti. Akacheka pahala pa kuchekesha kabla yetu. Watoto wa nyumba hawakuelewa kichekesho. Mwenyeji wangu kamwambia, kwa upole kabisa, vyombo vinangoja. Hurrem akaendelea kulia kwenye kioo, tukaendelea kumhurumia.

Msinielewe vibaya, yule binti analipwa na wenyeji wake si watu wabaya, na kazi ya nyumba si utumwa. Lakini najua pia visa vya pasi zilizofungiwa kabatini na mishahara iliyocheleweshwa, na nyinyi mnavijua, na wengine mnavijua kwa karibu. Nani ataviandika? Napenda aviandike mmoja wetu, kabla hajatuandikia mwengine kwa hasira.

Nawatazama Wamisri katika jambo hili. Ramadhani ya 2023 walitoa Taht al-Wisaya, Mona Zaki akiigiza mjane mwenye watoto wawili. Mume kamwachia mashua ya uvuvi, lakini usimamizi wa mali ya watoto kisheria uko kwa babu yao, na mama hawezi kugusa hata pesa za wanawe mwenyewe. Anaiiba mashua na kwenda kuvua Damietta. Hakuna kasri humo, hakuna hata mavazi mazuri, uso wa Mona Zaki umechoka kuanzia sehemu ya kwanza. Ilikuwa sehemu kumi na tano tu, wallahi nilishukuru. Wamisri waliitazama, wakabishana, na suala la sheria ile likafika mpaka bungeni. Mjane wa namna ile yuko kwetu pia, tena wengi, na ami wa watoto ndiye anayeshika funguo. Katika tamthilia zote nilizotazama miaka hii, hiyo ndiyo ningewaambia mkaitazame na binti zenu, na baadaye mzime televisheni mzungumze.

Tamthilia zetu za Kiswahili bado hazijafika huko, ingawa zinasogea. Ile Sultana ya Citizen TV ya Kenya, iliyoanza 2022, ya msichana asiyeona, ina Kiswahili cha pwani kitamu mno na hilo peke yake nalishukuru. Lakini ni vipindi vingi, na kama ilivyo ada, siri moja inatolewa, inafichwa, inatolewa tena mpaka msikilizaji anaisahau ilikuwa siri ya nini.

Kwa wanaoniuliza waanze na kipi: wenye Kiarabu waanze na Sayyidat al-Qamar yenyewe, wasiisome kwa Kiingereza kwa uvivu, maana maneno ya Kiomani yamo humo kama nyumbani. Wakimaliza, Jokha Alharthi ana Narinja pia, ya msichana wa Kiomani aliyeko masomoni Uingereza anayemkumbuka Bint Amir, mwanamke aliyemlea baba yake na akafa hana hata kipande cha ardhi. Ni fupi na ya huzuni. Wanaotaka kupumzika na habari za utumwa wamsome Zahran Alqasmi, Taghribat al-Qafir, riwaya ya mtu anayesikia maji chini ya ardhi. Ndiye Momani wa kwanza kupata tuzo ya kimataifa ya riwaya za Kiarabu, 2023. Wajukuu wakae na Peponi, kwa sauti, kurasa tano tano, na neno wasilolijua wamuulize bibi. Akiwepo ukumbini mtu mwengine anayelijua, mwambieni aweke sinia chini akae.

Na yule mzee wangu wa methali ya choo nimempelekea nakala ya Peponi. Kanijibu jana kuwa amefika pale Yusuf anapoambiwa kuhusu deni, na anataka kujua kama mama yake Yusuf ataonekana tena. Sijamjibu.